Sheria ya Mimba na Adhabu ya Maskini

Sheria hupimwa kwa maneno yake na kwa matendo yake. Maneno yake husomwa bungeni na mahakamani. Matendo yake huonekana katika nyumba za watu, shuleni, na juu ya vitanda vya hospitali. Nchi hustawi maneno na matendo yanapofuatana. Walakini ziko sheria zisemazo jambo moja na kuzaa jingine, na watu huendelea kuziheshimu kwa uzuri wa usemi wake bila kutazama uzao wake. Miongoni mwa sheria hizo katika Afrika ya Mashariki ni ile izuiayo kutoa mimba. Kwa maneno, sheria hiyo hulinda uhai. Kwa matendo, haikuzuia mimba kutolewa. Ilibadili mahali zitolewapo, mikono izitoayo, na hali ya mwanamke anayekufa kwa tendo hilo. Mwenye fedha hutoka salama. Asiye na fedha hulipa kwa damu yake, kwa masomo yake, kwa uzazi wake wa baadaye, na mara nyingine kwa roho yake. Sheria imwadhibuyo maskini kwa tendo lile lile alitendalo tajiri kwa amani haiwezi kuitwa ya haki, hata na mtu anayelichukia tendo lenyewe.

Yafaa kwanza kuijua nasaba ya sheria hii, kwa maana watetezi wake wengi huiita ngome ya mila za Kiafrika. Mwaka 1861 Bunge la Uingereza lilitunga sheria juu ya makosa dhidi ya mwili wa binadamu. Vifungu vyake vya 58 na 59 vilimtia hatiani mwanamke ajitoaye mimba, mtu amtoaye, na mtu ampatiaye dawa au chombo. Adhabu ya juu ilikuwa kifungo cha maisha. Mwaka 1899 Queensland, iliyokuwa wakati ule koloni la Kiingereza katika Australia, ilipitisha kanuni ya makosa iliyoandikwa na Jaji Mkuu Samuel Griffith, na humo adhabu zikapangwa kwa ngazi: miaka 14 kwa mwenye kumtoa mwanamke mimba, miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe, na miaka 3 kwa mwenye kuleta dawa au chombo. Watawala wa Kiingereza waliipenda kanuni ile. Waliipeleka Nigeria, na kutoka Nigeria ikaletwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Mtu akiifungua leo Kanuni ya Adhabu ya Kenya katika vifungu vya 158 hadi 160, au ile ya Tanzania katika vifungu vya 150 hadi 152, ataikuta miaka ile ile: 14, 7 na 3. Hakuna kadhi wa Lamu, mzee wa Usukuma, wala mkunga wa Buganda aliyeketishwa barazani na kuulizwa shauri. Miaka hiyo ilihesabiwa ng'ambo ya bahari, ikapakiwa pamoja na shehena nyingine za utawala, ikateremshwa huku kama ilivyo.

Nao walioishona nguo hiyo wameivua. Uingereza iliilegeza sheria yake mwaka 1967, na tangu mwaka 1968 daktari wa huko ameruhusiwa kuitoa mimba kwa sababu zilizotajwa. Queensland yenyewe, ambako ile ngazi ya miaka ilichongwa, ilifuta makosa hayo mwaka 2018. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Hapa ni ajabu zaidi, kwa sababu mwenye nguo ameitupa, na aliyeazimwa bado anaivaa na kuiita nguo ya babu zake.

Mtetezi wa sheria atajibu kuwa asili ya kitu si hoja. Reli ya kutoka Mombasa kwenda bara nayo ilijengwa na Waingereza, na hakuna aliyeikataa faida yake kwa ajili hiyo. Jibu hilo ni la kweli. Basi na sheria hii ipimwe kwa faida yake, kama reli ipimwavyo kwa mizigo iibebayo.

Faida iliyokusudiwa ni kuzuia. Je, imezuia? Wizara ya Afya ya Kenya, pamoja na watafiti wa Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya cha Afrika kilichoko Nairobi, walikadiria kuwa katika mwaka 2012 mimba 464,690 zilitolewa kwa makusudi nchini humo, na kwamba wanawake wapatao 120,000 walipelekwa katika vituo vya afya kutibiwa madhara. Kwa Tanzania watafiti walikadiria kuwa mimba 405,000 zilitolewa mwaka 2013, na wanawake wapatao 66,600 walitibiwa. Hizo ni hesabu za mwaka mmoja mmoja, katika nchi ambazo sheria yake imekwisha kaa vizazi vitatu. Laiti sheria hiyo ingetekelezwa kwa uaminifu, Kenya ingelazimika kuwatia gerezani, kwa makosa ya mwaka mmoja tu, wanawake wengi kuliko wakazi wa miji yake mingi. Hakuna serikali iwezayo kufanya hivyo, wala itakayo. Matokeo yake ni sheria inayokamata kwa bahati: jirani amegombana na jirani, damu imeonekana mlangoni, muuguzi amepiga simu kituo cha polisi. Sheria ikamatayo kwa bahati haimtishi mjanja. Humtisha mjinga na mpweke.

Hapa ndipo ubaguzi wake unapoonekana. Katika kila mji mkubwa wa Afrika ya Mashariki iko milango mitatu. Mlango wa kwanza ni wa daktari aliyefunzwa, katika nyumba safi isiyo na kibao kirefu, ambaye hulipwa fedha nyingi kwa ustadi wake na kwa kimya chake. Aingiaye mlango huo hurudi nyumbani kwake jioni, na siku ya pili huenda kazini. Mlango wa pili ni wa duka la dawa. Vidonge viuzwavyo humo vyaweza kuwa vya kweli, na Shirika la Afya Duniani limekwisha sema kuwa dawa hizo ni salama zikitumiwa kwa kipimo sahihi na kwa maelezo ya mjuzi. Lakini dawa iuzwayo kwa kificho haina maelezo, na muuzaji hana wa kumwuliza akipotea. Mlango wa tatu ni wa mtu asiye na elimu wala maji ya moto, mwenye vijiti, mizizi na vinywaji vikali. Mlango huo ndio wa mfanyakazi wa nyumbani, wa mwuza mboga, wa msichana wa shule ya kata, na wa mwanamke wa kijijini ambaye nauli ya kwenda mjini ni mshahara wa mwezi. Sheria ni moja kwa milango yote mitatu, lakini polisi huujua zaidi mlango wa tatu, na mauti vile vile.

Tena, madhara ya mlango wa tatu hayaishii siku ile. Tumbo la uzazi lililotobolewa, damu iliyooza na figo zilizoshindwa kazi ni maradhi ambayo yangetibika kama mgonjwa angefika hospitali saa ya kwanza. Hafiki saa ya kwanza. Hungoja, kwa sababu anajua ataulizwa, “Nani amekufanyia?” kabla hajaulizwa anaumwa wapi. Kutibiwa baada ya mimba kutoka ni halali katika Kenya na Tanzania, hata kama mimba ilitolewa kwa njia isiyo halali. Lakini uhalali usiojulikana na mgonjwa wala kuaminiwa na muuguzi hauna nguvu. Hofu hiyo humpata hata mwanamke ambaye mimba yake imeharibika yenyewe, akiitaka kwa moyo wake wote. Naye hutazamwa kwa jicho la tuhuma, na huzuni yake huongezewa aibu. Wakati huo huo vitanda, damu ya akiba na dawa za wodi ya wazazi hutumiwa kutibu madhara ambayo yangeweza kuepukwa kwa gharama ndogo sana, na mwanamke mwingine aliyekuja kujifungua hulazwa sakafuni. Umma mzima huilipia sheria hiyo, hata wale wasiojua kwamba wanailipia.

Mfano mmoja ulifika mahakamani, kwa hiyo unaweza kutajwa pasipo kubuni neno. Mwaka 2014 msichana wa Kenya, ambaye mahakama ililificha jina lake, alibakwa akiwa na umri wa miaka 14, akapata mimba. Miaka minne kabla ya hapo, taifa lake lilikuwa limepitisha Katiba mpya, ambayo ibara yake ya 26 hukataza kutoa mimba isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya, matibabu ya dharura yanahitajika, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Wizara ya Afya ilikuwa imeandika mwongozo wa kuwaelekeza madaktari mwaka 2012, kisha ikauondoa Desemba 2013. Na mapema mwaka 2014 ikawakataza watumishi wa afya kuhudhuria mafunzo ya kutoa mimba kwa usalama. Ibara ya Katiba ikabaki kama mlango uliochorwa ukutani. Msichana yule aliishia katika mikono isiyo na ujuzi, akahamishwa kutoka hospitali hata hospitali, figo zake zikaharibika, naye akafariki mwaka 2018. Juni 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kuwa kuuondoa mwongozo ule kulikuwa kinyume cha haki, na kuwa mwanamke aliyepata mimba kwa kubakwa anaweza kutolewa mimba hiyo ikiwa, kwa maoni ya mtaalamu wa afya, maisha au afya yake imo hatarini. Mama wa marehemu aliamriwa kulipwa fidia ya shilingi milioni 3. Jambo la kuangalia ni kwamba Katiba ilikuwa upande wa msichana huyo tangu siku ya kwanza. Kilichomkosesha tiba ni ile Kanuni ya Adhabu iliyoachwa bila kuguswa, na hofu ambayo Kanuni hiyo imeipanda katika vifua vya watumishi wa afya.

Hofu hiyo nayo ina historia. Mwaka 2004 vijusi 15 vilikutwa vimetupwa kando ya barabara jijini Nairobi. Daktari mmoja na wauguzi wawili wakashtakiwa kwa kosa la kuua, wakakaa rumande muda upatao mwaka mzima, na mwaka 2005 mahakama ikawaachilia kwa kukosa ushahidi. Waliachiliwa, lakini somo lilikuwa limekwisha fundishwa. Daktari mwenye ujuzi alijifunza kwamba huruma yaweza kumfikisha kizimbani kwa mashtaka ambayo adhabu yake ni kifo. Mwenye vijiti hakujifunza kitu, kwa kuwa yeye hana leseni ya kupoteza. Hivyo ndivyo sheria iliyotaka kuwaondoa waovu ilivyowaondoa wajuzi na kuwaachia waovu soko.

Shuleni nako matunda yake ni machungu. Nchini Tanzania, kanuni za elimu za mwaka 2002 zilitoa nafasi ya kumfukuza mwanafunzi kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ikahesabiwa kuwa kosa la namna hiyo. Juni 2017 Rais wa nchi alitangaza hadharani kwamba msichana aliyepata mimba hatarudi katika shule ya serikali. Katazo hilo liliondolewa Novemba 2021, na sifa iwaendee walioliondoa. Lakini kwa miaka hiyo yote binti wa Kitanzania aliyepata mimba alisimama kati ya kuta mbili: akizaa, amefukuzwa shule, akitoa, amekuwa mhalifu wa kufungwa miaka 7. Sheria mbili zilizotungwa kwa jina la maadili zilimsukuma, moja mbele na moja nyuma, kuelekea kwenye ule mlango wa tatu. Anayeshangaa kwa nini msichana mwenye akili darasani alifanya jambo la hatari namna ile na aangalie kwanza ni njia gani nyingine aliyoachiwa.

Na mwanamume yu wapi? Katika vifungu vya 150 hadi 152 vya Kanuni ya Tanzania, na katika vifungu vya 158 hadi 160 vya Kanuni ya Kenya, mwenye mimba yumo, mwenye kuitoa yumo, mwenye kuleta dawa yumo. Mwenye kuitia mimba hayumo. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 sheria ya elimu ya Tanzania imeweka kifungo cha miaka 30 kwa mwanamume ampaye mwanafunzi mimba. Lakini adhabu kubwa hutaka ushahidi mkubwa, na mara nyingi mambo hayo humalizwa nyumbani kwa ng'ombe au kwa fedha, baba wa binti akitia sahihi na binti mwenyewe akinyamaza. Mimba huonekana mwilini mwa mmoja tu; kwa hiyo aibu, kesi na kaburi humfuata huyo mmoja.

Watetezi wa sheria wana majibu matatu, na yote yafaa kusikizwa.

La kwanza husema kwamba kasoro ni ulegevu: sheria ikikazwa barabara, tendo litakoma. Jaribio hilo limekwisha fanywa, nalo lina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Katika nchi ya Romania kutoa mimba kulikuwa halali tangu mwaka 1957. Oktoba 1966 serikali ya Nicolae Ceaușescu ilitoa Amri ya 770, iliyokataza tendo hilo ila kwa wachache, kama vile mwanamke aliyepita miaka 45, aliye na watoto wanne, au ambaye maisha yake yamo hatarini. Dawa za kuzuia mimba zikawa adimu, wasio na watoto wakatozwa kodi, na katika miaka ya 1980 wanawake walipimwa mimba viwandani mwao. Hakuna taifa la Afrika ya Mashariki liwezalo kuwa na mkono mkali kuliko huo. Matokeo yalikuwaje? Mwaka 1967 uzazi uliruka kutoka watoto 14.3 hata 27.4 kwa kila watu 1,000. Kisha wanawake wakajifunza njia za kificho, uzazi ukaanza kuteremka, na ilipofika mwaka 1983 ulikuwa umerudi 14.3, mahali pale pale ulipoanzia. Kisichorudi ni uhai. Vifo vya wazazi viliongezeka kwa kadiri ya maradufu, na sehemu iliyo kubwa ya vifo hivyo ilitokana na mimba zilizotolewa kwa siri. Inakadiriwa kuwa wanawake wapatao 10,000 walikufa kwa njia hiyo katika miaka 23 ya Amri ile. Utawala ulipoanguka Desemba 1989, walimwengu waliona pia nyumba za mayatima zilizojaa watoto zaidi ya 100,000, wengi wao wakiwa na wazazi walio hai walioshindwa kuwalea. Serikali mpya iliifuta Amri ya 770 katika siku zake za kwanza kabisa, na mwaka 1990 vifo vya wazazi vikashuka hadi nusu. Basi ukali ulijaribiwa kwa robo ya karne. Haukuzaa taifa kubwa. Ulizaa makaburi na mayatima.

Jibu la pili husema kwamba sheria ikilegezwa, maadili yataporomoka, na kila msichana ataifanya hospitali kuwa mahali pa kufutia makosa. Afrika ya Kusini ililegeza sheria yake mwaka 1996, na sheria mpya ikaanza kutumika Februari 1997. Vifo vilivyosababishwa na kutoa mimba vilipungua kwa kadiri ya asilimia 90 katika miaka michache. Hilo ndilo badiliko lililopimika. Ama kuhusu maadili, mtu na ajiulize kama hofu ya jela iliyokuwapo Kenya mwaka 2012 iliwazuia watu kulala pamoja. Mimba zile 464,690 zilipatikana chini ya sheria kali, si chini ya sheria laini. Uasherati, kama ndio adui, haujatishika. Tena si kila mimba isiyotakiwa ni ya uasherati. Iko ya mke wa ndoa mwenye watoto sita na mume asiye na kazi. Iko ya mgonjwa wa moyo aliyeambiwa asizae tena. Iko ya binti aliyeingiliwa na mjomba wake. Sheria huwatia wote katika kapu moja na kuliandika jina la uzinzi.

Jibu la tatu ndilo zito, na halifai kujibiwa kwa dhihaka. Husema kwamba kilichomo tumboni ni uhai, na kwamba Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuutoa na kuutwaa. Kanisa Katoliki hulikataza tendo hili tangu mimba inapotungwa. Katika Uislamu, Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 na ambaye kitabu chake cha Ihya kinaheshimiwa na wanazuoni wa pwani hadi leo, alilihesabu kuwa kosa tangu mwanzo, lakini akafundisha kuwa ubaya wake hupanda daraja kwa daraja kadiri mimba ikuavyo. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wamehitilafiana juu ya siku 120 za kwanza; baada ya siku hizo wameafikiana kuwa ni haramu ila kwa kuuokoa uhai wa mama. Hakuna haja ya kumwomba muumini yeyote aache imani yake. Yatosha kumwonyesha mambo mawili.

Jambo la kwanza ni kwamba dhambi na jinai si kitu kimoja. Dini zote mbili zimeharimisha uzinzi kwa maneno makali, na hata hivyo Kanuni za Adhabu za Kenya na Tanzania hazimfungi mtu mzima aliyezini na mtu mzima mwenziwe kwa hiari. Serikali iliona kwamba dhambi hiyo ni kazi ya mhubiri na shehe, na kwamba polisi akiingia chumbani ataleta uharibifu kuliko utakaso. Wala msikiti na kanisa havikubomoka kwa sababu hiyo. Hekima iliyotumika kwa uzinzi, ambao wanaume huushiriki, haikutumika kwa mimba, ambayo wanawake huibeba peke yao. Na mwenye insafu ataona kwamba tofauti hiyo haikutokana na vitabu vitakatifu.

Jambo la pili ni hesabu ya uhai wenyewe. Anayependa uhai hupenda kila uhai uliomo katika jambo. Sheria hii haikuuokoa ule wa tumboni, kwa maana mimba hutolewa kwa mamia elfu kila mwaka. Nayo humwongezea mama hatari ya kufa, na kuwaacha watoto wake waliokwisha zaliwa bila mlezi. Inayotaka kumwokoa mmoja hupoteza wawili, na mara nyingine huliza nyumba nzima. Mimba zisizotakiwa hupungua mahali ambapo vijana hufundishwa miili yao bila kificho, dawa za kupanga uzazi hupatikana bila dharau, mbakaji hufungwa kwa hakika, na mzazi maskini huona kwamba mtoto wake atakula na kusoma. Muumini apendaye kazi ya kulinda uhai ataikuta huko, nayo ni nyingi kuliko mikono iliyopo.

Iliyobaki ni kutaja yapasayo kutendwa, kwa maana shutuma isiyo na shauri ni kelele. Tanzania iliridhia mwaka 2007 Itifaki ya Maputo juu ya haki za wanawake wa Afrika, ambayo huzitaka nchi kuruhusu kutoa mimba kwa njia ya kitabibu pale mwanamke aliponajisiwa, alipopata mimba kwa ndugu wa damu, au afya na maisha yake yanapokuwa hatarini. Iliridhia bila kuweka sharti juu ya ibara hiyo; Kanuni yake ya Adhabu bado haijui kuwa ahadi hiyo ilitolewa. Na itungwe sheria inayolingana na ahadi. Kenya na Uganda ziliikataa ibara hiyo zilipoiridhia Itifaki. Lakini Kenya ina Katiba yake yenyewe, na Bunge lake lina wajibu wa kuandika sheria ya kuitekeleza, ili muuguzi wa Turkana na wa Kwale ajue bila shaka ni nani anayeruhusiwa kumhudumia. Uganda nayo ina Katiba ya mwaka 1995, ambayo ibara yake ya 22 imeliachia Bunge kazi ya kutaja ni lini kutoa mimba kunaruhusiwa. Kazi hiyo na ifanywe. Katika nchi zote tatu kifungu kimfungacho mwanamke mwenyewe miaka 7 kifutwe kwanza, hata kabla ya mengine kujadiliwa, kwa sababu hakuna hoja ya dini, ya tiba wala ya uchumi ionyeshayo faida ya kumtoa mgonjwa wodini na kumpeleka gerezani. Madaktari, wauguzi na wakunga wafunzwe waziwazi. Shule zimpokee binti aliyezaa kama zinavyompokea kijana aliyemzalisha.

Uingereza ilihitaji miaka 106 kuona kwamba sheria yake ya 1861 ilikuwa ikiwaua maskini wake na kuwaacha matajiri wake. Kanuni ya Adhabu iliyoletwa Kenya mwaka 1930 imekwisha karibia kutimiza umri huo. Wabunge wa Nairobi, Dodoma na Kampala hawahitaji ugunduzi mpya ili wajue inavyofanya kazi. Wanahitaji kwenda katika wodi ya wanawake ya hospitali yoyote ya wilaya, wahesabu waliolazwa kwa mimba zilizotoka, kisha waulize wangapi kati yao ni binti za wabunge.